Lamu Mashariki 22,258, Ruiru 371,111

Najua nimepotea karibu wiki tatu, wengine mmeanza kuniuliza kwenye foleni ya chapo madondo kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Ni mitihani tu, na nyinyi mnajua jinsi mitihani inavyomkausha mtu.

Leo siandiki juu ya hosteli wala maji kukatika. Naandika juu ya mipaka ya maeneo bunge. Msikimbie! Ina uhusiano na basari, na basari najua mnaipenda.

Ni hivi. Mwenzangu wa chumbani anatoka Ruiru. Mimi ni mtu wa Faza, kisiwa cha Pate, eneo bunge la Lamu Mashariki. Juzi tulikuwa tunajaza fomu za basari pamoja, akaniuliza swali dogo tu: kwenu mko wangapi? Tukatafuta hesabu za sensa ya 2019 kwenye simu. Ruiru, watu 371,111. Lamu Mashariki, watu 22,258. Akanitazama, nikamtazama. Akachukua kikokotoo akagawa: 16.67. Yaani katika Bunge la Taifa mbunge wake ana kura moja na wangu ana kura moja, lakini nyuma ya mbunge wake wamesimama watu karibu kumi na saba kwa kila mmoja wetu. Na huo mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ule CDF ulioanza 2003 na ndio unaotoa basari, sehemu kubwa ya pesa zake imekuwa ikigawanywa sawasawa kwa kila eneo. (Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria yake ya 2015 ni kinyume cha Katiba, lakini hiyo ni vita nyingine, tuiache.) Keki sawa, sahani moja ina watu kumi na saba. Mwenzangu hakusema neno, alicheka tu, kile kicheko cha mtu aliyeshinda kesi bila wakili.

Sasa nikaona nisome Katiba, maana kubishana na mtu ana kikokotoo mkononi si kazi rahisi. Kifungu cha 89 kinasema maeneo bunge ni 290, basi. Mipaka ipitiwe tena kila baada ya muda usiopungua miaka 8 na usiozidi 12, na kazi iishe angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Unachukua watu wote waliohesabiwa, unagawa kwa 290. Sensa ya 2009 ilitoa watu 38,610,097, kwa hiyo kiwango kilikuwa 133,138. Sensa ya 2019 ilitoa 47,564,296, kwa hiyo kiwango kikapanda hadi kama 164,015. Kila eneo linatakiwa likaribie hapo. Linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 30, na kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache asilimia 40. Ruhusa hiyo ina sababu zake: jiografia, njia za usafiri, historia, uchumi na utamaduni wa watu wanaoishi pamoja.

Kwa hesabu hiyo sehemu yenye watu wachache isishuke chini ya 98,409 hivi. Sisi 22,258. Hata robo hatufiki jamani. Tukaunganisha kaunti nzima, Lamu Mashariki na Magharibi, tukapata 143,920, eneo bunge moja safi kabisa kwa mujibu wa kikokotoo.

Kwa nini basi bado tupo? Kwa sababu mwaka 2010 walioandika Katiba waliweka kinga: katika mapitio ya kwanza hakuna eneo bunge lililokuwepo litakalofutwa. Tulitoka maeneo 210 (yale yaliyotumika tangu 1997) tukaongezwa 80. Tume ya Andrew Ligale ikachora 2010 kukawa na kelele nchi nzima, ndipo Tume ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ikamaliza kazi Machi 2012. Maeneo zaidi ya ishirini yalipona kwa kinga hiyo, na Lamu Mashariki ni mojawapo. Lakini kinga ilikuwa ya mapitio ya kwanza tu. Ya pili yalitakiwa yaishe Machi 2024.

Hayakufanyika. Baada ya uchaguzi wa 2022 Tume ilipasuka katikati juu ya matokeo ya urais. Wanne walijiuzulu au wakaondolewa, na muda wa mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake wawili ukaisha Januari 2023. Kuanzia hapo hadi Julai 2025, alipoapishwa Erastus Ethekon na timu yake, nchi haikuwa na kamishna hata mmoja. Machi 2024 ikapita bila mtu wa kushika kalamu. Tume mpya nayo ikasema mwaka huohuo wa 2025 kwamba muda hautoshi kuchora mipaka mipya kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Kwa hiyo ramani iliyopigiwa kura 2013, 2017 na 2022 ikapangiwa uchaguzi wa nne.

Watu wengi wanasema "hakuna kilichofanyika." Mimi nakataa. Kuacha ramani ya zamani ni kuchora ramani, tofauti ni kwamba hakuna aliyetia sahihi. Kuna waliofaidika na kuna waliopoteza kana kwamba mtu ameketi na rula akakata. Nairobi ina watu 4,397,073 na viti 17. Kwa kiwango cha sasa ingestahili kama 27. Hao ni watu milioni kadhaa waliopunguziwa sauti bila hata barua ya kuwaarifu.

Mtaniuliza: wewe mtoto wa Faza, wataka kwenu kufutwe? Hapana. Na hapa ndipo mimi na mwenzangu tuligombana hadi jirani akagonga ukuta.

Yeye anaona watu ni watu, hesabu ni hesabu. Mimi nikamwambia aje nimpeleke. Lamu Mashariki ni Pate yote na vijiji vyake, kisha uvuke bahari uende Kiunga mpakani na Somalia, kisha Basuba, kwenye msitu wa Boni wanakoishi Waaweer, ambako operesheni za usalama zimekuwapo tangu 2015. Mbunge wake hapandi gari kutoka kata moja kwenda nyingine, anapanda mashua na anangoja maji yajae. Ukituunganisha na Lamu Magharibi yenye watu 121,662, yaani Amu, Mpeketoni, Witu, Hindi, basi kura zetu zitazama kama nanga. Hakuna mgombea atakayepoteza petroli ya boti kuja kutafuta kura za Kizingitini wakati Mpeketoni inafikika kwa lami. Hiyo "jamii yenye maslahi ya pamoja" inayotajwa kwenye Katiba ndiyo sisi hasa, wavuvi wa visiwani. Kama sisi si mfano wake sijui ni nani.

Lakini (na hili nalisema hata kama mjomba wangu atakasirika) hoja hiyo ni ya bahari na umbali. Si ya kila mtu aliyepona kwa kinga. Tazama Nyeri. Kaunti ina watu 759,164 na viti sita, kwa kiwango cha sasa ingepata kama vinne na nusu. Tetu 80,453. Othaya 91,081. Hawa ni majirani, wana barabara, mtu anakunywa chai huku na kula chakula cha mchana kule. Waunganishe wapate 171,534, karibu kabisa na kiwango. Kiti kinachobaki mpe Ruiru, igawanywe mara mbili, kila upande watu kama 185,000. Wala usiniambie ni mambo ya kabila, maana wengi wa hao wa Ruiru wazazi wao walitoka hukohuko mlimani kutafuta kazi na nyumba za kupanga. Watu wamehama, kiti kimebaki kijijini kulinda shamba.

Ndiyo maana sitaki Lamu Mashariki ibaki kwa njia ya sasa, kwa sababu kinga imechacha na Tume ilichelewa. Nataka tutetewe hadharani: sheria iseme wazi kwamba visiwa na maeneo ya mipakani kama Basuba yanaweza kwenda chini ya asilimia 40, na sababu ziandikwe, na mtu wa Ruiru azisome aseme haya, nimeelewa. Tukijificha nyuma ya kuchelewa pamoja na kina Othaya, siku kalamu itakapoanza kufanya kazi tutafagiliwa wote kwa ufagio mmoja.

Njia rahisi ambayo wanasiasa wanaipenda ni kuongeza viti ili asipoteze mtu. BBI ilitaka kuongeza 70, Nairobi 12, Kiambu 6. Mahakama ya Juu Machi 2022 ikakataa jedwali hilo kwa sababu liliingizwa bila wananchi kushirikishwa. Nilifurahi, ingawa wa Nairobi walihitaji viti kweli. Wabunge 360 tuwalipe mishahara ili tu tusimwambie mbunge mmoja wa Tetu asogee kidogo kwenye benchi? Hapana kwa kweli.

Halafu kuna tatizo la hesabu yenyewe, ambalo mwenzangu hakuwa na jibu lake. Ukishafanya idadi kuwa kiti na kiti kuwa pesa, kila mtu atataka kuhesabiwa mara mbili, au ataka jirani asihesabiwe. Kabla ya sensa ya 2019 wanasiasa wa sehemu mbalimbali waliwahimiza watu wao warudi nyumbani wahesabiwe huko, kama vile tunaenda harusi. Mwaka 2010 waziri Wycliffe Oparanya alitangaza kufuta matokeo ya 2009 ya wilaya nane za Kaskazini Mashariki na Turkana, ati idadi imepanda kupita kiasi. Mandera ilisomeka watu 1,025,756 mwaka 2009, na mwaka 2019 ikasomeka 867,457. Miaka kumi watu wanazaliwa, idadi inashuka! Ama ya kwanza ilijazwa maji ama ya pili ilimwagwa. Kesi zimeendelea, na 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikafuta matokeo ya 2019 ya kule.

Kwa hiyo kabla ya rula kuna daftari, na daftari lenyewe lina mgogoro. Mwenzangu anasema tungoje sensa ya 2029 tuanze upya. Mimi naona hiyo ni miaka mingine ya Ruiru kusongamana bila kiti. Hizi hesabu za 2019 sehemu kubwa ya nchi haina ubishi nazo. Tume ianze na kaunti hizo, iende Ruiru, iende Embakasi, iende Nyeri, ikae na watu kwenye kumbi na ramani ukutani. Na siku ya kikao cha Lamu wasikifanye Mpeketoni peke yake. Waje Faza, wapande boti waangalie saa.