Vipodozi Vyetu na Vifungashio Visivyooza

Baada ya kila Idi hutokea jambo ambalo tumekwisha kulizoea kiasi cha kutoliona tena. Majalala ya mitaa yetu hufurika vichupa vya manukato, makopo ya mafuta ya mgando, tyubu za losheni, koni za hina, na vile vipakiti vya shampuu ambavyo mtu huvichana, akavitumia mara moja na kuvitupa. Mvua ikinyesha vyote hivyo huingia mitaroni, na kwa sisi watu wa pwani mwisho wa mtaro ni bahari. Tumejipamba siku tatu, na takataka ya pambo hilo wataikuta wajukuu wetu.

Hatusemi kuwa kujipamba ni kosa. Usafi na kunukia vizuri ni katika mambo tuliyofunzwa, hasa siku ya Ijumaa. Lakini tumefunzwa pia kuondoa udhia njiani, na haielekei kuwa mtu aondoe mwiba mmoja asubuhi kisha atupe plastiki tano jioni.

Serikali zetu zimeanza kulishughulikia jambo hili. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwezi Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Waliodai kuwa biashara ingekufa wamenyamaza, na vikapu vimerudi sokoni. Hata hivyo, katazo la Bara lililenga mifuko ya kubebea, likaviacha vifungashio vya bidhaa za viwandani. Kwa hiyo mwenye duka ana kosa akikupa mfuko mmoja wa rambo, ilhali hana kosa akikuuzia vitu kumi vilivyomo ndani ya plastiki kumi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunavishikilia vipodozi, na chupa za maji zimejaa kila mahali. Jibu ni kwamba chupa ya maji ina mnunuzi. Waokotaji huikusanya kwa sababu ni ya plastiki ya aina moja na hupimwa kwa kilo. Chupa ya losheni ina mwili wa plastiki moja, kizibo cha nyingine, na ndani ya pampu yake mna springi ya chuma. Kipakiti cha shampuu aghalabu ni tabaka juu ya tabaka, plastiki na pengine alumini, vilivyogandishwa visiachane. Hakuna anayekiinama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa, katika taka zote za plastiki zilizopata kutokea duniani hadi mwaka 2015, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Asilimia 12 zilichomwa moto, na zilizobaki zikarundikwa majalalani au kutapakaa ardhini na majini. Mafundi wa Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Ni kazi ya kusifiwa, lakini hatuwezi kuunda majahazi kwa kasi tunayotupa.

Sasa wapo wafanyabiashara wanaotuletea vifungashio vilivyoandikwa kuwa vinaoza. Hapa tunawanasihi ndugu zetu wawe na hadhari. Ipo plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au kwa miwa, nayo huoza kweli, lakini katika mitambo maalumu ya kutengeneza mboji yenye joto la kiasi cha nyuzi 60. Dampo la Pugu Kinyamwezi si mtambo wa namna hiyo, wala bahari ya Hindi siyo. Ipo nyingine mbaya zaidi, iliyotiwa dawa ya kuifanya imeguke vipande vidogo vidogo. Hiyo haiozi, bali hutoweka machoni ikabakia mchangani na matumboni mwa samaki, na Umoja wa Ulaya umekwisha kuikataza.

Kwetu sisi, kinachooza bila ubishi ni kile kilichokuwapo tangu zamani: karatasi isiyopakwa plastiki, kitambaa cha pamba, ukili. Udi, ubani, unga wa hina, liwa na sabuni za mche ni vitu vikavu, havihitaji zaidi ya hivyo. Bibi zetu walivaa kikuba cha asmini na mrehani ambacho hakikuacha taka yoyote ila uzi. Akina mama wa Paje wanaotengeneza sabuni za mwani wanaweza kuzifunga kwa karatasi, na mgeni akazipenda zaidi.

Mafuta ni mas'ala mengine. Karatasi haiyawezi. Kwa halud na mafuta ya nazi tunaonelea chupa ya kioo, ambayo haiozi lakini huoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Tunajua kuwa kioo ni kizito, huvunjika, na bei yake humuumiza mama anayetengeneza mafuta jikoni kwake. Ndiyo sababu mnunuzi airudishe chupa na apunguziwe bei. Losheni na krimu tusizijaze upya ovyo, kwa kuwa zina maji na vijidudu huota humo upesi.

Kamati za misikiti zinaweza kuanza na wauzaji wa manukato wanaopanga meza nje ya lango kila Ijumaa: anayekuja na kichupa chake kisafi na kikavu ajaziwe. Na Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi Bara, tunaliomba lisikubali neno "inaoza" juu ya kifungashio chochote mpaka mwenye mali aandike ni wapi kinaoza, na kwa muda gani.