Maziwa ya Mbuzi ni ya Nani?

Kila asubuhi saa kumi na mbili binti yetu hushika sufuria ndogo na kwenda zizini. Akifika mlangoni husikia vilio viwili: nyuma ya fito wanalia wana-mbuzi waliolala mbali na mama yao, na huko nyumbani mdogo wake wa miaka mitatu anadai uji. Maziwa ni yale yale. Mwenye kushika sufuria ndiye hakimu, nasi twakiri kwamba mwaka wa kwanza tulihukumu vibaya.

Sisi tunakaa Walungu, katika milima ya Kivu ya Kusini. Hapa kwetu Bushi ng'ombe ndiye heshima ya mtu. Kwa ng'ombe huoa, na kwa ng'ombe hujulikana. Lakini vita vilivyoanza mwaka 1996 viliondoa mifugo mingi, na mashamba yamegawanywa baina ya wana hata malisho ya ng'ombe hayaonekani. Mbuzi amebaki. Watu humfuga wapate kumwuza siku ya shida, wala hawamkami. Sisi tulipoanza kumkama, shangazi yetu alicheka sana: «Wanangu, leo mbuzi, na kesho mtakama kuku?» Majirani nao walisema kwamba maziwa yake hunuka. Ni kweli, hunuka kama beberu analala pamoja na majike, na kama mkamaji hajanawa mikono. Basi tukamjengea beberu kibanda chake mbali na zizi. Siku moja shangazi alikunywa kikombe kizima bila kuambiwa ni maziwa gani, akaomba kingine, akatusihi tumshukuru yule jirani mwenye ng'ombe. Hata leo hajatusamehe vizuri.

Turudi kwenye hukumu yetu. Mbuzi jike wetu wa kienyeji alizaa mapacha. Furaha ilitupofusha. Siku ya tatu tulianza kukama asubuhi na jioni mpaka kiwele kikawa kitupu, tukidhani kwamba wana-mbuzi watajitafutia majani. Mwana-mbuzi wa siku tatu hajui majani! Mmoja alikufa siku ya kumi na mbili. Wa pili aliishi, lakini mgongo ulipinda na manywele yakawa makavu, na alipotimiza mwaka alikuwa mdogo kama mbuzi wa miezi minne. Tulikunywa vikombe vichache, tukapoteza mbuzi mmoja na nusu.

Sasa tunafanya hivi. Maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, yaitwayo dang'a, ni ya wana-mbuzi yote, na lazima wayanyonye saa zile zile za kwanza baada ya kuzaliwa, kwa sababu ndani yake mna kinga ya magonjwa ambayo mama hawezi kuwapa wakiwa tumboni. Majuma mawili sufuria haiingii zizini. Kisha tunawatenga usiku tu, nyuma ya fito, mahali wanapomwona mama yao. Asubuhi binti yetu hukama chuchu moja na kuwaachia ya pili, na mchana kutwa wanashinda pamoja naye. Mbuzi wa kienyeji akilishwa vizuri hutupa kikombe kimoja au viwili. Wana-mbuzi wakifikia miezi mitatu wanakula majani barabara, ndipo maziwa yanakuwa yetu. Lakini tukiona tumbo la mwana-mbuzi limebonyea, juma lile uji wa mtoto wetu hauna maziwa. Watu wengine hutulaumu kwamba tunampenda mnyama kuliko mtoto. Hapana. Yule mwana-mbuzi jike ndiye sufuria ya mwaka kesho kutwa.

Kabla ya kukama, matone ya kwanza huanguka juu ya kitambaa cheusi. Yakiwa na mabonge, kiwele kinaugua, na maziwa yale hayaliwi. Na yaliyo mazuri huchemshwa, wala hatukubali ubishi, maana mbuzi anaweza kumpa mtu homa ya kutupa mimba. Mtoto mchanga asipewe badala ya ziwa la mama yake. Maziwa haya hayana vyote vinavyohitajiwa ili mtoto mdogo apate damu nzuri.

Sasa tuseme habari ya beberu, kwa maana huko ndiko tulikokosa mara ya pili. Tulikuwa na beberu mmoja mzuri, mweusi, mpole. Kwa kuwa tulimpenda tulimwacha apande dada zake, na baadaye binti zake. Vizazi viwili havikupita, tukaanza kupata wana-mbuzi wadogo wasio na nguvu ya kusimama. Hatukuwa na daftari; nani angejua nani ni binti wa nani? Leo daftari lipo, la shule, limefungwa kamba ukutani. Tena tumepatana na jamaa ya ng'ambo ya mto kubadilishana mabeberu kila baada ya mwaka na nusu hivi, kabla binti za beberu hawajafikia umri wa kupandwa. Jike hutaka beberu kila baada ya siku 21 hivi, naye hukubali siku moja au mbili tu. Analialia, anatikisa mkia, anasahau chakula. Ukichelewa, umengoja tena majuma matatu.

Wengine hutuuliza kuhusu mbuzi wa Ulaya, wale Saanen weupe wa Uswisi na wale wa milima ya Alpes, ambao wakishiba hutoa lita mbili, tatu na zaidi kwa siku. Damu yao ni nzuri. Lakini tumbo lao ni kubwa pia, nao huugua upesi mahali ambapo wa kienyeji hapigi hata chafya. Tena jike mdogo wa kwetu akipandwa na beberu mkubwa namna hiyo katika mimba ya kwanza, anaweza kushindwa kuzaa. Afadhali aliyekwisha kuzaa, mwenye kiuno kipana. Na jambo la ajabu: ukipandisha beberu asiye na pembe kwa jike asiye na pembe, utaona watoto wengine wanazaliwa si jike si dume. Mmoja wa wazazi awe na pembe.

Tulimpandisha jike wetu bora tarehe 10 Aprili. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, yaani tulimtazamia kuzaa karibu na tarehe 7 Septemba. Mwanzoni mwa Julai tuliacha kumkama, ili miezi miwili ya mwisho nguvu zake zimwendee aliye tumboni. Septemba ndiyo mwezi wa shule. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini kijana wetu mkubwa yuko sekondari, na huko wanalipisha. Mwisho wa Agosti mchinjaji alikuja, akampapasa jike yule mgongoni, akataja bei iliyotosha malipo ya muhula mzima, na franka za sare juu yake. Mama wa nyumba hakusema neno. Alimtazama mtoto wa miaka mitatu, akaingia jikoni.

Usiku tulihesabu. Tuliuza madume mawili tuliyoyahasi na mfuko mmoja wa maharagi tuliouweka kwa mbegu. Fedha zilitosha malipo, sare hazikutosha. Kijana alianza masomo akivaa suruali ya mwaka jana, inayofika juu ya kifundo cha mguu, na siku tatu hakutusalimu vizuri.

Jike alizaa tarehe 9, saa za jioni: majike wawili. Kijana ndiye aliyeshika taa, naye ndiye aliyeandika daftarini, kwa kalamu yake ya shule, jina la mama, jina la beberu na tarehe. Sufuria itaingia zizini tarehe 23.