Filozofia si ya mapadri peke yao

Mtoto wa Goma akimaliza sekondari na akasema anataka kusoma filozofia, jibu la nyumbani linatoka mbele hajafunga mdomo: "Unaenda upadri?" Akisema hapana, linafuata la pili: "Basi utakula nini?" Na kama familia ilikimbia vita vya Masisi au Rutshuru, wajomba wote wanaitwa kumrudisha akili.

Jibu la kwanza lina historia yake. Chuo kikuu cha kwanza cha Congo, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30, wakati mapadri Wakongomani walikuwa mamia. Aliyetaka masomo ya juu alipita seminari, na seminari inaanza na filozofia. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza, aliisoma kwenye seminari ya Kabwe, Kasai, mbele ya kuondolewa. Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliingia kwa watawa Wabenedikto akatoka, akafundisha Lubumbashi, na mwaka 1988 akatoa kitabu The Invention of Africa. Humo anauliza ni nani aliyeandika yale yote yanayoitwa maarifa juu ya Waafrika, na kwa faida ya nani. Alifariki mwaka 2025, na hakuwa padri.

Jibu la pili ni la pesa, na si la kuchekwa. Mji ambao benki zake zilifungwa mwezi wa kwanza 2025 unajua bei ya kila kitu. Mzazi anayetafuta minerval ana haki ya kuuliza inaenda wapi. Lakini hesabu ifanywe kwa wote. Birere kuna wenye diploma za sheria na za uchumi wanaouza unité barabarani, na hakuna anayesema sheria ifutwe. Ni filozofia peke yake inayoitwa kila siku kujieleza mbele ya sahani.

Kibaya zaidi ni ile sauti ya huruma: watoto wa kambi wapewe ufundi, mengine ni anasa. Ushonaji ni kazi ya heshima, na useremala pia. Lakini anayesema mtoto wa mkimbizi anafaa cherehani tu, amekwisha kugawa watu: hawa wa kufikiri, hawa wa kufikiriwa. Familia za kambi zinaishi chini ya maneno ambayo hazikuyatunga: "mhamishwa", "mnufaika", "asiyejiweza". Neno moja likibadilika kwenye karatasi ya ofisi fulani, jetoni ya chakula inapotea.

Ikumbukwe mwezi wa pili 2025. Watu wa kambi za magharibi ya mji, Bulengo kati yao, waliambiwa wana masaa 72 ya kuondoka. Kisha M23, iliyokuwa imechukua mji, ikasema haikumlazimisha mtu, kwamba watu wanarudi kwao kwa hiari. Mahema yakabomolewa, magodoro yakafungwa mgongoni, mama wakashika njia ya Sake na watoto. Je, hiyo ilikuwa hiari?

Swali hilo halikuzaliwa Bulengo. Aristote, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliliuliza katika kitabu chake cha maadili. Anatoa mfano ambao kila mfanyabiashara wa Kituku ataufahamu: tufani inapiga chombo, nahodha anatupa mizigo majini ili watu wapone. Ametupa kwa mkono wake, hakuna aliyemshika. Lakini nani hutupa mali yake kwa kupenda? Aristote anasema tendo la namna hiyo limechanganyika, ingawa kwake linaelekea zaidi upande wa hiari, kwa kuwa nahodha mwenyewe ndiye alichagua. Kando ya tufani anaweka mfano wa pili, wa mtawala aliyeshika wazazi na watoto wako na anakuamuru jambo la aibu. Hapo ndipo mtu wa Bulengo ana haki ya kumpinga mzee huyo. Tufani haina mdomo, haipewi lawama. Masaa 72 yalitamkwa na watu.

Mama aliyeweza kulipanga hivyo mbele ya afisa mwenye fomu hatafukuza askari hata mmoja. Ila neno "hiari" halitaandikwa juu ya jina lake bila yeye kuuliza lina maana gani.

Lawama nusu inawarudia walimu wenyewe wa filozofia. Wengi wanaifundisha kama orodha ya majina ya Wagiriki na Wajerumani, kwa Kifaransa cha silabusi, mwanafunzi akariri, afaulu, asahau. Kozi ya lojike inapita mwaka mzima bila mfano hata mmoja wa soko la Virunga. Hapo mjomba anayeuliza "utakula nini" ana haki ya kucheka.

Redio za Goma zina saa ya matangazo ya vifo, ya mpira, ya muziki, ya wahubiri. Saa moja kwa juma itolewe kwa filozofia, kwa Kiswahili, na walimu wenye diploma hiyo ambao leo wamekaa nyumbani. Ianze na neno "hiari", na simu za kwanza zipokewe kutoka kwa waliobomolewa mahema.