Mtoto wa Ndugu na Kodi ya Nyumba



Kusini mwa Ziwa Tanganyika, kwenye miamba iliyo karibu na ufuko, anaishi samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole. Ni wa jamii moja na sato na perege, ila huyu ni mdogo mno. Wanasayansi humwita Neolamprologus pulcher.

Samaki wengi hutaga mayai na kwenda zao. Huyu hujenga kaya. Yupo baba, yupo mama, na chini yao wapo wasaidizi ambao bado hawajaanza familia zao. Hao husafisha mayai na kuyapepea kwa mapezi, huondoa mchanga unaoziba pango, na hufukuza maadui. Baadhi ni watoto wakubwa wa nyumba hiyo. Wengine hawana undugu wowote na wenyeji.

Mhubiri angeweza kuishia hapo na kusema: tazameni samaki, nanyi mkawalee yatima. Lakini habari haijaisha.

Watafiti wamegundua kwamba wasaidizi hawa hawakai bure. Nje ya kaya kuna samaki wakubwa wa kuwala. Usalama uko ndani, na bei yake ni kazi. Msaidizi asiyefanya kazi hushambuliwa na wenye nyumba. Akizuiwa kwa muda asisaidie, baadaye huongeza bidii, kama mpangaji anayelipa kodi iliyochelewa. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa majike wasio wa damu waliyahudumia mayai zaidi kuliko majike waliokuwa ndugu. Mgeni ndiye aliyejituma kuliko mwenyeji.

Nilipolisoma hilo, sikuliona ziwa tena. Niliziona nyumba zetu.

Marehemu kaka ameacha binti. Tumemleta mjini “aje asome”. Ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Anaosha vyombo, anabeba mtoto, anapiga deki, na sare ya shule anaifua usiku. Watoto wetu wakiitwa mara tatu hawaitiki. Yeye huitika kabla jina halijaisha. Nasi tunamsifu mbele ya wageni: “Huyu binti ana adabu sana!” Huenda si adabu. Huenda ni kodi.

Sisemi mtoto asifanye kazi. Kazi humlea mtoto. Ninachouliza ni hiki: akiugua mwezi mzima, akifeli mtihani, au akijibu vibaya siku moja kama wanavyojibu wa kwako, bado atakuwa mtoto wa nyumba hiyo? Au ataambiwa arudi kijijini?

Kumbuka Mefiboshethi, katika 2 Samweli sura ya 9. Alikuwa mjukuu wa Sauli, kiwete wa miguu yote miwili. Aliitwa mbele ya Daudi akijihesabu si kitu. Asingeweza kuchota maji wala kuilinda nyumba. Hata hivyo, kwa ajili ya Yonathani rafiki yake, Daudi alimketisha mezani pake siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alidaiwa kitu.

Nasi tuliingia nyumbani mwa Mungu vivyo hivyo. Paulo anawakumbusha Waefeso kwamba tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, ili mtu yeyote asije akajisifu. Basi aliyepokelewa bure atamtozaje kodi yatima?

Leo ukitoka ibadani, utakapokaa kula, tazama ni nani anayepakua halafu anakula wa mwisho, tena jikoni. Mvutie kiti. Kesho vyombo vioshwe kwa zamu, na wa kwako wawemo kwenye zamu hiyo.

Samaki wa Tanganyika hana kosa. Anafuata maumbile aliyopewa. Yeye hakuhubiriwa Injili. Sisi tumehubiriwa.

Jumapili njema.