Kuongoza Le Mans si kushinda Le Mans

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba Toyota ilidhulumiwa katika mbio za Saa 24 za Le Mans za mwaka 2016. Gari lake namba 5 lilikuwa mbele, zimebaki dakika chache tu, dereva Kazuki Nakajima alipowaambia wenzake kwa redio kwamba injini imeishiwa nguvu. Akasimama mbele ya majukwaa ya watazamaji. Porsche ikampita na kushinda. Kumbe kilichoharibika ni kiungio cha bomba la hewa itokayo kwenye turbo. Nakajima alijikokota hadi akaukamilisha mzunguko wa mwisho, lakini ulimchukua zaidi ya dakika 11 na kanuni iliruhusu 6, hivyo gari likaondolewa kabisa kwenye orodha ya matokeo. Kuliondoa kulikuwa ukali usio na faida, na hapo nawaunga mkono wanaolalamika. Ushindi, hata hivyo, haukuwa haki ya Toyota. Heshima ya Le Mans imejengwa juu ya sharti moja gumu: gari lidumu mpaka bendera ishushwe, na saa zote lililoongoza hazinunui hata dakika moja ya mwisho.

Watasema hiyo ni bahati mbaya tu, na mshindi hapaswi kupatikana kwa bahati. Bahati ipo, sikatai. Kipande cha chuma barabarani kinaweza kupasua tairi la yeyote. Lakini kiungio kile kilibuniwa, kikatengenezwa na kufungwa na watu, nao ni sehemu ya timu inayoshindana sawasawa na madereva watatu wanaopokezana usukani. Tukimpa taji aliyekuwa na kasi zaidi, kazi ya mafundi hao tutakuwa tumeifuta. Toyota yenyewe haikuilaumu bahati. Ilirudi kukagua taratibu zake na kufanya mazoezi ya kukabili hitilafu, ikashinda mara tano mfululizo kuanzia 2018. Katika tatu za mwanzo, Nakajima alikuwa miongoni mwa madereva washindi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kufikia 2018 Audi na Porsche zilikuwa zimeshajiondoa kwenye daraja la juu, kwa hiyo Toyota ilimshinda nani? Ni kweli ushindani ulipungua, na ushindi ule hauna uzito wa kumshinda Porsche uso kwa uso. Ila mpinzani wa kwanza wa kila gari pale ni zile saa 24. Mwaka 2017 Porsche iliyoshinda ilikuwa imepoteza zaidi ya saa nzima ikitengenezwa, ikashuka hadi karibu na mkiani. Ilipanda tena kwa sababu magari yenye kasi kama yake yaliharibika moja baada ya jingine, na lililokuja kushika nafasi ya pili kwa jumla lilikuwa la daraja la chini, ambalo lilikuwa limeyaongoza magari yote kwa muda mrefu siku ya Jumapili.