Injini Haifi kwa Kula Oili, Inakufa kwa Kukosa Oili



Leo sizungumzii mbolea wala viwavi. Nazungumzia ile pikapu yako kuukuu inayoshusha kabichi, karoti na nyanya kutoka huku milimani Lushoto hadi Mombo kwenye barabara kuu. Najua kuna atakayeuliza bwana shamba ameanza lini ufundi wa magari. Mimi si fundi. Lakini kila msimu naona watu waliolima vizuri na kuvuna vizuri, halafu faida yote ikaishia gereji. Usafiri ni gharama ya shamba kama ilivyo mbegu, na katika gharama hiyo, oili ya injini ndiyo tunayoiendesha kwa kubahatisha kuliko kitu kingine chochote.

Maoni yangu nayasema mapema. Gari la zamani kula oili siyo msiba. Msiba ni mwenye gari kutojua linakula kiasi gani. Kwa hiyo kabla hujakubali kushusha injini, na kabla hujamimina dawa yoyote ya kwenye kopo, pima kwa mwezi mmoja na uandike.

Mama wa karoti

Yupo mama mmoja ninayemfahamu, ananunua karoti kwa wakulima na kuzipeleka Mombo. Pikapu yake ilikuwa inakula oili, kila mtu alijua. Dereva alikuwa anaongeza akikumbuka. Siku moja wakati wa kurudi, gari likiwa tupu, taa nyekundu ya oili ikawaka wakiwa wanapandisha kona za mlima. Dereva akasema tumekaribia, tutafika. Hawakufika. Injini ilinoki njiani, wakalala hapo hapo na gari.

Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta ameketi nje.

"Shikamoo mama. Pole sana na gari."

"Marahaba mwanangu. Nilijua linakula oili, Bwana Shamba. Sikujua linakula ngapi."

Maneno hayo sijayasahau. Aliuza ng'ombe wawili kupata injini nyingine ya mtumba, na kwa muda aliokaa bila gari wateja wake walihamia kwa mtu mwingine.

Tuelewane hapa kuhusu ile taa. Watu wengi wanadhani ni taa ya kukukumbusha kuongeza oili. Sivyo. Taa ile haipimi wingi wa oili, inaonyesha kwamba presha ya oili imeshuka. Ikiwaka ukiwa barabarani maana yake oili haifiki vizuri kwenye vyuma vinavyozunguka. Hapo hakuna "tumekaribia". Zima injini, simama pembeni, angalia.

Kosa langu mimi

Mama yule aliacha kupima akapoteza injini. Mimi niliacha kupima nikakaribia kuingia deni la bure.

Pikapu yangu ilianza kupungua oili. Nikampelekea fundi. Akasikiliza injini kwa dakika moja, akaangalia moshi, akasema, "Bwana Shamba, ringi zimekwisha hizi. Tuishushe." Nikaenda kuulizia mkopo kwenye saccos. Bahati nzuri kabla ya kusaini nilikutana na fundi mmoja mzee, akaniuliza swali moja tu: "Linakula kiasi gani kwa kilomita ngapi?" Sikuwa na jibu. Mimi ambaye kila siku nawaambia wakulima wapime mvua na waandike mavuno!

Aliniambia nioshe injini, niendeshe siku mbili, halafu usiku nitandike boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Asubuhi boksi lilikuwa na madoa sehemu mbili. Oili ilikuwa inavuja kwenye gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, na kwenye kile kifaa kidogo kinachowasha taa ya oili. Vyote vilibadilishwa kwa siku moja kwa fedha ndogo. Nilipopima baada ya hapo, gari lilikuwa linakula chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000. Ringi zangu ni zile zile hadi leo.

Simsemi vibaya yule fundi wa kwanza. Kwa kuwa sikumpa takwimu yoyote, alibaki kukisia.

Namna ya kupima

Huhitaji chombo chochote. Unahitaji daftari, kitambaa kisafi, na chupa tupu ya maji ya nusu lita.

1. Simamisha gari mahali tambarare. Ukipima kwenye mteremko unajidanganya.
2. Pima asubuhi kabla ya kuwasha. Kama gari limetoka safari, subiri dakika kumi ili oili ishuke yote chini.
3. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Soma mara hii ya pili.
4. Siku ya kwanza jaza hadi alama ya juu, usizidishe. Andika tarehe na kilomita zilizosomeka. Kama geji ya kilomita ilishakufa, andika idadi ya safari, maana umbali wa njia yako unaujua.
5. Kila unapoongeza, ongeza kwa ile chupa ya nusu lita na uandike. Usimimine kwa macho kutoka kwenye dumu.
6. Mwisho wa mwezi jumlisha oili uliyoongeza, jumlisha kilomita, upate jibu.

Kuhusu kutozidisha: wapo wanaojaza kupita alama ya juu ili "likae muda mrefu". Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka chini vinaipiga hadi inatoa povu, na presha inaisukuma kwenye sili na kwenye bomba la kupumulia injini. Unakuwa umejitengenezea uvujaji mwingine.

Na ukikuta oili imepanda badala ya kushuka, usifurahi. Kuna dizeli au maji yanaingia ndani. Kama rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa, ni maji. Gari la namna hiyo lisitoke nyumbani.

Kusoma moshi

Huku kwetu barabara yenyewe ni kipimo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni takribani kilomita 33 za mteremko na kona. Mwambie utingo wako au dereva wa nyuma aangalie bomba la moshi.

Kama umeshuka mlima kwa gia bila kukanyaga mafuta, halafu unapokanyaga kule chini linatoka wingu la bluu, au linatoka asubuhi unapowasha kisha linapotea, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka. Kazi hiyo kwa injini nyingi hufanyika juu bila kushusha injini yote.

Kama moshi wa bluu unatoka wakati unapanda na mzigo na hauachi, shuku ringi na silinda. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu. Moshi ukisukumwa nje kwa nguvu, shaka inaongezeka. Hapo mwombe fundi apime kompresheni ya kila silinda kabla ya kufungua chochote. Fundi asiye na geji ya kompresheni asikushushie injini.

Moshi mweusi ni habari nyingine. Ni mafuta yanayozidi hewa: kichujio cha hewa kimeziba au nozeli zimechoka. Usiuchanganye na wa bluu.

Hesabu ndiyo iamue

Sasa umepata namba. Vitabu vya Toyota kwa magari yake mengi vinataja hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 kama kiwango cha juu kinachokubalika. Kwa hiyo gari lako la miaka ishirini na zaidi likiwa chini ya hapo, liache lifanye kazi.

Likizidi hapo, fanya hesabu. Chukua mfano, na uweke bei za dukani kwako. Unashuka Mombo mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi, yaani karibu kilomita 200. Gari linakula lita 1 kwa kilomita 400. Hiyo ni nusu lita kwa wiki, lita 26 kwa mwaka. Tuseme lita ni shilingi 10,000, basi ni shilingi 260,000 kwa mwaka. Fundi anataka shilingi 2,600,000 kufungua injini. Itakuchukua miaka kumi kurudisha fedha hiyo kwa oili uliyookoa. Kwa mtu anayelima ekari mbili, fedha hiyo ina kazi nyingine: mbegu bora, pampu, ada za watoto. Gawanya tu ile 260,000 kwa safari zako, uiingize kwenye bei ya gunia, uendelee.

Lakini kama linakula lita 1 kwa kilomita 100, mambo yanabadilika. Hapo ni lita 2 kwa wiki, zaidi ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Tena safari moja ya Dar es Salaam, ambayo inazidi kilomita 300, inaweza kumaliza nusu ya oili yote iliyomo. Gari la hivyo ama lifunguliwe, ama liuzwe kwa ukweli.

Mafundi wanasema ukiacha tatizo linakua. Ni kweli, na ndiyo maana nasisitiza daftari. Kama mwezi huu ni lita 1 kwa kilomita 400, mwezi ujao 400, na baada ya miezi sita bado 400, injini imetulia kwenye uzee wake. Ikiwa ni 400, kisha 300, kisha 200, anza kuweka akiba ya matengenezo sasa, wakati bado linaingiza fedha. Mtu anayejua miezi mitatu kabla anapanga matengenezo wakati mazao ni machache. Asiyejua anashtukizwa katikati ya mavuno, anakopa kwa riba yoyote.

Mambo manne ninayoyapinga

La kwanza ni kuona kuongeza oili kuwa ni sawa na sevisi. Oili mpya ukiimimina juu ya chafu, uchafu umebaki ndani na kichujio ni kile kile. Uchafu huo ndio unaogandisha ringi. Tarehe ya kumwaga oili na kubadili kichujio ikifika, ifuate, hata kama uliongeza lita jana.

La pili ni oili ya gia. Wapo wanaoiweka kwenye injini ili moshi upungue, hasa gari likienda kuuzwa. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kupanda daraja moja, kwa mfano kutoka 15W-40 kwenda 20W-50, kunaweza kusaidia injini iliyochoka kama kitabu cha gari kinaruhusu. Zaidi ya hapo unaifanya pampu ihangaike, hasa asubuhi zetu hizi za baridi. Na ukienda kununua gari, omba kuliwasha mwenyewe likiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshalipasha moto, rudi kesho.

La tatu ni oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usilolijua, na madumu ambayo mfuniko umeshafunguliwa. Oili iliyotumika ikachujwa inaonekana nzuri sana kwenye chupa.

La nne, na hili ndilo linaloanzisha mengine, ni kupuuza kichujio cha hewa. Barabara zetu wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Kichujio kikichanika, au bomba lake likilegea, vumbi linaingia kwenye silinda na kusaga ringi kama msasa. Watu wananunua oili ya bei kubwa na kuendesha na kichujio kilichotoboka. Kikague kila wiki, ni dakika tano.

Nikiwa bado bwana shamba, niongeze moja: oili chafu unayomwaga isiende mtoni wala kwenye chemchemi, na usiwapake ng'ombe eti unafukuza kupe. Ihifadhi kwenye dumu, ipeleke gereji wanakoikusanya.

Haya yote yanafaa pia kwa pawatila, pampu ya umwagiliaji na mashine ya kusaga. Huko badala ya kilomita andika saa za kazi.

Kesho alfajiri, kabla hujawasha gari na kabla wapakiaji hawajafika, chomoa kile kijiti. Andika ulichokiona. Siku fundi akikuambia tushushe injini, mfungulie daftari kwanza, halafu mzungumze.

Nawatakia mauzo mema.