Huyu ni Nani?

Mwezi huu siongelei wivu wala mawifi. Naongelea picha. Usigeuze ukurasa kwanza, maana picha hizi nusura zinivurugie ndoa.

Mwaka 2023 tulimpoteza baba mkwe wangu, kule Mwigobero, Musoma. Mzee alikuwa mtu wa mwaloni. Ujana wake wote alivua sato na sangara, na hata miguu ilipochoka, kila asubuhi ungemkuta pale kwenye mitumbwi akiangalia watu wakivuka kwenda Kinesi. Kofia yake ya pama, shati limeachwa vifungo viwili vya juu, basi. Suti hakuwahi kuvaa, hata siku ya harusi yetu.

Msiba ulipotokea ikatakiwa picha ya kuweka mbele ya jeneza na ya kuchapa kwenye ratiba ya mazishi. "Si nyie ndio wenye mapicha?" wifi akauliza. Kweli tulikuwa nayo. Simu ya mume wangu peke yake ilikuwa na zaidi ya elfu nne. Nyingine zilikuwa kwenye kompyuta yetu ya zamani, ambayo tuliiacha nyumbani Mwanza, na neno lake la siri nalijua mimi tu. Tulipekua simu hadi saa nane usiku. Tukaona keki, viatu, tokeni za luku, meseji zilizopigwa picha. Mzee hakuonekana, na alipoonekana alikuwa amegeuka mgongo.

Mwisho shemeji akachukua kitambulisho cha mpiga kura cha mzee, akakimbilia studio. Akarudi na picha kubwa, inang'aa. Mzee kavalishwa suti ya bluu na tai. Ngozi imeng'arishwa, makunyanzi yote yamefutwa. Mama mkwe aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Tukamzika mzee na picha ile ile.

ILIKUWEPO

Tuliporudi Mwanza ndipo moto ukawaka. Mume wangu akasema nimezifungia picha za baba yake. Nami nikamjibu kwamba miaka tisa ya ndoa hajawahi kuuliza hata siku moja ziko wapi. Tukanuniana wiki nzima. Siku ya nane akaleta kiti, akakaa pembeni yangu, akasema, "Haya, iwashe."

Zilikuwamo picha 11,400. Tulianza kuzipitia moja moja, na usiku wa pili tukampata. Mzee mwaloni, kofia ya pama, kashika sato mkubwa, anacheka mpaka macho yamefumba. Ilipigwa asubuhi baada ya harusi yetu, Agosti 2014. Lakini kompyuta iliiweka tarehe 1 Januari 2010, kabla hata hatujafahamiana! Betri ya kamera iliisha, saa yake ikarudi mwanzo, na kila picha ya asubuhi ile ikapigwa muhuri wa tarehe ya uongo. Nani angekwenda kuitafuta huko?

Mume wangu alilia. Na mimi nikajua kwamba ugomvi wetu haukuwa wa neno la siri. Tulikuwa na kumbukumbu za watu wawili, na hakuna aliyekuwa amezitunza kwa ajili ya mwenzake.

TUMIENI NINI?

Wengi wetu tuliokuwa na kamera miaka ile tuliipenda Picasa. Google waliinunua mwaka 2004, wakaigawa bure, na ilikuwa rahisi kweli. Mwaka 2016 wakaacha kuiendeleza. Kuna jambo moja wengi hawakulijua: marekebisho uliyofanya yaliandikwa kwenye kifaili kidogo pembeni, si ndani ya picha yenyewe, mpaka uamuru yahifadhiwe. Ukinakili picha bila kufanya hivyo, kazi yako ilibaki nyuma. Programu huja na kuondoka, kwa hiyo maelezo yako yakae ndani ya picha.

Sisi sasa tunatumia digiKam. Ni ya bure, ilianza mwaka 2001 na bado inaendelezwa, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inapanga picha kwa tarehe, inatafuta zilizojirudia, inasahihisha tarehe za uongo, na inakusanya nyuso zinazofanana ili uzipe majina. Ukishapakua faili zake za kutambua nyuso, haikuli bando tena.

FANYENI HIVI, WOTE WAWILI

1. Kusanyeni. Simu zote mbili, memori kadi, flashi za kwenye droo, zote ziingie kompyuta moja. Folda ziitwe kwa mwaka, mwezi na tukio: "2014-08 Harusi Musoma". Za kwenye WhatsApp ombeni upya kwa aliyepiga, azitume kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha hupunguzwa ubora na tarehe yake ya asili hupotea.

2. Futeni pamoja. Tokeni za luku ziende zake. Na mkikutana na picha ya mpenzi wa zamani, msigeuze usiku huo kuwa mahakama. Mwenye picha aamue, mwenzake anywe chai.

3. Andikeni majina. Kwenye mipangilio ya programu, hakikisheni mmeiamuru iandike majina na maelezo ndani ya faili la picha. Hapo hata mkihamia programu nyingine, majina yanakwenda nanyi.

4. Rekebisheni kwa adabu. Nyoosheni iliyopinda, kateni pembeni, ongezeni mwanga kidogo. Rangi ya ngozi ya mtu msiiguse. Na hifadhini kama nakala mpya, ile ya asili ibaki.

5. Nakala tatu. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni hii: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Yetu ya mbali iko kwa wifi, kwenye diski ya nje. Intaneti nayo inasaidia, ila Google Photos iliacha kuhifadhi bila kikomo tangu Juni 2021. Bure ni GB 15, na humo barua pepe zako nazo zinahesabiwa.

6. Neno la siri lijulikane kwa wote wawili. Nyumba moja, funguo mbili.

MAMA ANATAJA

Desemba tulibeba kompyuta hadi Mwigobero. Programu ilikuwa imekusanya nyuso nyingi tusizozijua, kila moja ikisubiri jina. Mama mkwe akakaa katikati yetu na kikombe chake cha chai. "Huyo? Huyo alivuka na baba yenu kwenda Kinesi walipokwenda kununua mtumbwi wa kwanza." Mume wangu hakuwahi kuisikia habari ya mtumbwi huo. Umeme ukakatika mara mbili, betri ikaisha, mama akasema kesho tuendelee. Kwa jioni tatu alitaja watu zaidi ya sitini. Jamani, kama tungechelewa na yeye, nyuso hizo zingebaki bila majina milele.

Siku ya kuondoka tulimpa ile ya mwaloni, imechapwa kubwa. Tuliongeza mwanga kidogo chini ya kofia tu, makunyanzi yote yapo. Akaifuta kioo kwa kanga, akaitundika sebuleni mwenyewe. Hakuuliza ni nani.

Wewe na mwenzako je, picha zenu ziko wapi? Muulize leo, kabla ya kulala. Tukutane mwezi ujao!